Mkono wa Kushoto wa Mama

Uani kwetu, katika mtaa wa Buyenzi, asubuhi zilinukia mafuta ya mawese yaliyopata moto na maandazi yenye iliki. Mama aliyakaanga akiwa ameketi kwenye kigoda, na mimi, kitindamimba wake wa miaka tisa, niliyapanga kwenye beseni. Msimu ule wa mvua, asubuhi moja, mkono wake wa kushoto uliruka ghafla ukapiga ukuta. Nikacheka, nikidhani anafukuza nzi. Ukaruka tena, ukalipindua karai, mafuta yakamwagikia motoni. "Si mi," alisema, macho yamemtoka. "Mukono unajitupa wenyewe."

Haukutulia tena ila alipolala. Ulijipinda, ukajirusha, mpaka vidole vikachubuka kwa kugonga kitanda. Shangazi Zuhura, dada yake Baba, aliapa kuwa ni jini. Wakaja watu wa kusoma dua, wakafukiza ubani chumbani. Wateja wakaacha kuja. Hata kuswali Mama aliona tabu, kwa kuwa mkono ulimpiga usoni akiwa amerukuu. Mchana mmoja aliniita, akanipa kitenge. "Nifunge, mwanangu. Kaza." Nikaufunga mkono kifuani pake huku nikilia, nikausikia ukihangaika chini ya kitambaa kama kuku aliyeshikwa.

Mwishowe Baba alimpeleka hospitali. Daktari akaeleza kuwa presha imeziba vimishipa vidogo ndani kabisa ya ubongo, yaani kiharusi kidogo. "Apana jini, mama," alimwambia. "Ni damu haifiki." Dawa zilisaidia kidogo tu.

Kisha siku moja nilirudi kutoka shuleni nikaukuta mkono umetulia juu ya mkeka. Nikapiga kelele za furaha. Shangazi akapiga vigelegele, majirani wakaitikia. Ni Baba peke yake aliyepiga magoti, akamwita Mama kwa jina, akamwita tena. Mama alitutazama tu. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na neno halikutoka. Kiharusi kingine, kikubwa, kilikuwa kimeua upande wote ule. Tulimzika kabla mvua hazijakatika.

Sasa nimefika umri aliokuwa nao. Mtaani kwetu kuna duka la dawa, na kupimwa presha hakuchukui hata muda wa kunywa chai. Binti yangu huniona nikimeza kidonge cha presha kila asubuhi, huniuliza kama naumwa. Humwambia siumwi. Simwambii kwamba vidonge kama hivi vilikuwapo mjini hata miaka ile, Mama akilalamikia kichwa kila jioni kabla mkono haujaanza kuruka, wala hakuna aliyetuambia apimwe.