Dhahabu ya Mama na Fundi Kufuli

Mume wangu ni fundi kufuli, na mtaa mzima unamwita Bwana Komeo. Kibanda chake kiko kwenye kona ya soko, funguo zimening'inia ukuta mzima, na mikono yake inanuka grisi hata siku ya mapumziko. Mtu akijifungia nje anakuja kumwita, hata kama tuko mezani. Akikuta mama analia mlangoni na mtoto analia ndani, anafungua bure, kisha anambembeleza mtoto na mama yake. Mimi nashona sare za shule pembeni ya kibanda hicho hicho, kwa hiyo bure yake hiyo naiona kwa macho yangu. Nimesema mpaka nimechoka.

Na hasa kwa mdogo wake. Shemeji yangu ni bingwa wa biashara zinazokufa. Alifuga kuku, wakafa. Akauza simu, zikaibwa. Ikifa moja tu, huyo anakuja kwa kaka yake na uso wa msiba, na kaka yake anatoa. Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini na mimi kwenye mishipa yangu sina maji ya bomba.

Mama yangu alipofariki aliniachia bangili nne za dhahabu, mkufu na hereni. Aliniambia ni vya binti yangu siku akianza maisha yake. Nikaviweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na kufuli kubwa nikapewa na mume wangu mwenyewe. Siku moja nafungua, hereni hazipo. Kufuli nzima, haina hata mkwaruzo. Jamani, kufuli ya namna hiyo ni nani wa kuifungua bila kuiumiza? Na wiki ile ile shemeji alikuwa ndio kwanza ameanza kuuza simu.

Sikumuuliza mtu. Nilisema tu kwamba wezi wamezidi mtaani, nikavibeba vilivyobaki, nikaenda benki kukodi kisanduku. Kule visanduku vimepangwa ukutani kwenye chumba cha chuma, na kila kimoja kinafunguliwa kwa funguo mbili kwa pamoja, mmoja wa benki, mwingine wangu. Mume wangu akasema nimefanya la maana. Miaka ikapita, na suala la hereni hatukuligusa.

Basi mwaka huu benki ile ile ikamwita. Mteja mmoja alikuwa amepoteza ufunguo, kwa hiyo kisanduku chake kilibidi kitobolewe. Ilikuwa kazi ya heshima, nikampigia shati pasi. Aliporudi alikaa kwenye kigoda chake, hakushika hata tupa, na chakula akakisukuma pembeni. Nikamuuliza kama wamemdhulumu. Akasema wamemlipa vizuri, na wamemwambia ndiye watakayekuwa wanamwita. Kisha akaniangalia.

"Mama watoto, hamisha vitu vyako," akasema. "Peleka benki nyingine."

Nikacheka. Nikamwambia benki ile ina walinzi, ina mlango mnene kama ukuta, na hiyo nyingine iko mbali, nipande magari mawili kwa ajili ya nini? Akasema tu nihamishe. Kesho yake, hamisha. Keshokutwa yake, nikiwa natia uzi kwenye cherehani, akaanza tena, na hasira zikanipanda. Nikamwambia aseme alichokiona huko. Kama benki ni mbovu watu wajue, si kunung'unika kila siku kama mgonjwa wa jino.

Akaweka tupa chini.

"Benki haina ubaya," akasema. "Yule ofisa aliitwa nje kidogo, akaniacha mle ndani peke yangu. Namba yako imeandikwa kwenye ufunguo wako, naijua. Kisanduku chako kilikuwa hapa, usawa wa kifua changu. Na drili nilikuwa nayo mkononi."

Akanieleza kwamba asubuhi ile mdogo wake alikuwa amempigia simu akilia. Pikipiki aliyochukua kwa mkopo inataka kunyang'anywa, na mwenye nyumba anatishia kumtolea vitu nje na watoto wake. Basi mume wangu alisimama mbele ya kisanduku changu akiwaza bangili moja tu.

"Uligusa?" nikamuuliza.

"Safari hii sikugusa."

Safari hii. Kumbe alijua kwamba najua. Miaka yote ile tumelala kitanda kimoja, kila mtu na zile hereni kichwani mwake. Nililia, sifichi. Nilitamani kuwatukana yeye na mdogo wake na ukoo wao wote. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakuambii ufanye nini siku chenyewe kikikuomba ukikung'ute.

"Kufuli zote nazijua," akasema taratibu. "Kumwambia yule mtoto wa mama yangu hapana, hilo bado sijaliweza. Na atapiga simu tena. Na benki wataniita tena."

Kesho yake nilifunga cherehani mapema. Nilivitoa vitu vya mama, nikavifunga kwenye kitambaa, nikapanda magari yangu mawili huku nimekumbatia mkoba kama mtoto mchanga. Niliporudi alikuwa anamchongea mteja ufunguo. Nikamwambia tayari. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimekula.

Hajawahi kuniuliza ni benki gani. Shemeji bado anapiga simu, na yeye bado anampa cha mfukoni mwake, tena tunagombana kwa hilo kama kawaida. Ila jana niliusahau ufunguo mpya juu ya meza ya cherehani, namba yake ikiangalia juu, nikaenda kuteka maji. Niliporudi nilimkuta anaufunika kwa kipande cha sare, anapapasa kwa mkono mmoja, macho ameyaelekeza barabarani.