Mchochea boila na Jumapili alizoziunguza

Saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu, Mzee Mvuke anaweka kiganja kwenye mlango wa boila. Chuma kimepoa kama ukuta wa msalani.

"Lingekuwa mtu, ningeita watu tuzike," anasema, kisha anafungua mafuta na kuwasha.

Moto unashika, unanguruma. Saa moja na dakika arobaini baadaye mvuke umetosha, na mablanketi ya kwanza ya wiki yanaingia kwenye mashine ya kukaushia. Ndani ya boila hakuna tofali lililopasuka.

Hii ni Jumatatu ya sita analiwasha likiwa baridi. Kwa miaka ishirini na sita kabla ya hapo, boila hili halikuwahi kuzimwa Jumapili.

Kiwandani wana mengi juu yake. Wapo wanaoapa kwamba akikohoa presha hupanda, na kwamba mwaka fulani boila lilitaka kulipuka akalikemea likatulia. Mwenyewe hakanushi. "Nililikemea mara mbili," anasahihisha.

Fundi aliyemrithisha kazi, sasa marehemu, alimwachia amri moja: lisipoe siku nzima, matofali ya ndani yatapasuka. Kwa hiyo kila Jumapili, kiwanda kimefungwa, yeye alikuja peke yake, akawasha moto mdogo na kukaa nao hadi jioni.

"Hilo si boila, ni mke mwenza," mkewe aliwaambia majirani. "Tena ndiye mdogo, ndiye apendwaye."

Miaka kumi na moja iliyopita matofali yale yaling'olewa, yakawekwa mengine yasiyoogopa baridi. Aliyesimamia kazi hiyo ni Mzee Mvuke mwenyewe. Matofali yakabadilika, Jumapili ikabaki ileile.

"Hakuna aliyeuliza," anasema. "Na mimi sikujiuliza."

Aliyeuliza ni binti wa takwimu, aliyeajiriwa mwaka huu kupunguza hewa ya ukaa inayotoka kiwandani. Alifunga mita nane ambazo kila robo saa hutuma vipimo, kwa njia ya mtandao, kwenye kompyuta za mbali ambazo wenyewe huziita wingu. Huko mafuta yaliyoungua hulinganishwa na mablanketi yaliyotoka. Kila Jumapili jibu lilikuwa moja: mablanketi sifuri, mafuta lita mia mbili na kumi.

Binti akashuka chumba cha boila, kompyuta mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu. Hiki kinundu cha kila Jumapili kwenye mchoro wa mafuta ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni moto."

"Wa kazi gani?"

Jibu lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi. Binti anajua mistari na namba, ndani ya boila hapajui. "Ningesema matofali, angeandika matofali," anakiri. "Mambo yangeishia hapo na mimi ningelala usingizi."

Akaomba siku mbili.

Mkewe aliugua miaka miwili, akafariki miaka minne iliyopita. Jumapili, akimwona anavaa ovaroli, alimwambia, "Leo kaa." Naye akamjibu, "Matofali, mama. Nikikaa yatapasuka." Mgonjwa akageukia ukutani. Kumwambia binti wa takwimu ukweli kulikuwa sawa na kumwambia mkewe, kwamba angeweza kukaa.

Siku ya tatu alipanda ngazi za ofisini, mahali asipopapenda, akasema, "Moto ule hauna kazi, mwanangu. Haujawa na kazi miaka kumi na moja."

"Nilianza kuandika, nikaacha," binti anakumbuka. "Nilimwona anatafuta kiti kwa mkono, hakioni."

Sasa Jumapili boila linazimwa. Ukiondoa mafuta ya kuliwasha upya, kila wiki zinabaki lita mia moja na sitini. Kwa wiki sita ni karibu tani tatu za hewa ya ukaa ambazo hazikupanda angani. Meneja alitaka apigwe picha kando ya bomba la moshi. Alikataa.

"Mzee Mvuke, wingu limekuumbua," wa mashine ya kukaushia anamtania.

"Limeniumbua kweli," anajibu, na utani unaishia hapo.

Kampuni inahesabu tani. Yeye anahesabu Jumapili, tangu matofali mapya hadi siku ya mazishi: mia tatu sitini na nne. Jumapili ya kwanza ya mapumziko alivaa ovaroli, akafika hadi mlangoni, akarudi kuketi kitandani. Hakujua nyumba ile inakuwaje saa nne asubuhi.

Anayejua ni bintiye, mwalimu anayeishi mwendo wa saa mbili kwa gari. Ndiye aliyekuwa akija Jumapili kukaa na mama yake. Kumwalika baba yake nyumbani kwake alishaacha. "Nilichoka kusikia boila," anasema.

Wiki iliyopita baba alimpigia simu.

"Jumapili nina nafasi."

"Unaumwa, baba?"

"Siumwi. Nataka unieleze mlikuwa mnafanya nini na mama yako. Ulikuwa ukianza, nakukatiza."

Nauli ameshaitenga na shati amelinyoosha. Akiulizwa anatumaini nini, Mzee Mvuke anajibu kwamba anatumaini kusikia yote, hata yale waliyomsema yeye.

Bintiye alimwonya mapema. "Ni mengi, baba. Jumapili moja haitatosha."