Baba wa Kwenye Shairi

Walimwita Mdadisi, na jina lilimkaa sawasawa. Hata ukimkirimu chai, atainusa kwanza. Kikundi chao cha washairi wa chuo kilikutana katika darasa la mwisho, lile lenye feni mbovu. Kila mmoja alitumbukiza shairi lake ndani ya ndoo bila jina, mwingine akalisoma. Mtunzi alikaa kimya, asifiwe au asimangwe, uso mkavu kama hayamhusu.

Siku hiyo mwenyekiti alichomoa karatasi, akasoma habari za baba dereva wa lori. Baba anayekohoa mlangoni kabla ya kubisha. Baba anayemenya chungwa bila kukata ganda, kisha anamvisha binti yake mkononi kama bangili.

Moyo wa Mdadisi ulipiga paa. Huyo alikuwa baba yake mtupu. Na habari za ganda alikuwa amemsimulia mtu mmoja tu, mwenzake wa chumbani, ambaye sasa alikaa mbele yake akitafuna kifuniko cha kalamu. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Akasimama.

"Hilo shairi limeibwa. Na mwizi nalala naye chumba kimoja."

Mwenzake aligeuka taratibu. "Mimi? Kweli umenifikiria hivyo?"

"Kwani nilimwambia nani mwingine?"

Mwenzake akakusanya vitu vyake, machozi yakimlengalenga, akatoka. Mdadisi aliyaona machozi na hakuyaamini. Hata mwizi hulia akishikwa.

Kikundi kilikuwa na dawa ya ugomvi wa namna hiyo: mwenye shairi asimame, aongeze ubeti usiokuwemo kwenye karatasi. Aliyeiba anajua alichokiiba tu.

"Haya, mwenyewe ajitokeze," mwenyekiti alisema.

Nyuma kabisa akainuka binti wa mwaka wa kwanza, ambaye Mdadisi hakuwahi hata kumsalimia.

"Ni langu. Samahani, dada."

"Samahani haitungi shairi," Mdadisi alimjibu. "Ongeza."

Binti akafumba macho.

*Ijumaa ikifika, mkoba hujitwalia,*
*Asema lori lataka, barabara kurudia,*
*Ganda langu lakauka, nami nikisubiria,*
*Jumatatu akishuka, nyumba yote hutulia.*

Darasa zima lilipiga makofi. Mdadisi peke yake hakupiga. Kwao, Ijumaa ndiyo siku baba alifika, hoi, akilalamikia safari ya wiki nzima; na Jumatatu alfajiri lori lilimwita tena. Alimtazama yule binti vizuri kwa mara ya kwanza, paji la uso, nyusi zile zile za baba.

"Mdadisi," mwenyekiti alimwita akicheka, "umeridhika kwamba baba ni wake?"

"Ni wake," alisema.

"Huna swali? Leo mvua itanyesha."

Swali alikuwa nalo, ila lilikuwa la kumuuliza mama yake: kama anajua.