Nani Alifungua Kamba ya Bembea

Chuma kililia kwanza. Wengine waliokuwepo siku ile wanasema walisikia kishindo tu. Mimi nasema chuma kililia, sauti nyembamba ndefu kama geti lisilotiwa mafuta, halafu ndipo kishindo kikaja. Nilikuwa nimeshika jagi la jusi ya marakuja. Nilipogeuka, nguzo za bembea kubwa zilikuwa zimelala, minyororo imetapakaa kwenye majani, na chini ya chuma kulikuwa na gauni la bluu lenye maua ya njano. Kitambaa chetu. Nikatazama mkekani. Kitambaa kile kile kilikuwa pale, watoto saba, kamili, kama bibi alivyokwisha kuwahesabu. Sasa yule wa nane alikuwa nani?

Alikuwa mdogo wangu. Miaka mitano. Nilikimbia nikaishika nguzo kwa mikono miwili niinyanyue, mtoto wa miaka tisa mimi, na mnyororo ukanibana vidole viwili vya mkono wa kushoto ambavyo mpaka leo havikunjiki. Wanaume wakaja wakanitoa, wakanyanyua chuma. Chuma kilinyanyuka. Mdogo wangu hakunyanyuka.

Nakwambia haya mwanzoni, rafiki yangu, ili usianze kuipenda bustani ile halafu nikukatie furaha njiani. Maana ilikuwa bustani ya kupendwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Idi iliyopita binti yangu aliniambia tuwapeleke watoto wake wakacheze. Siku hizi hapa Bujumbura mahali pa kuchezea pamekuwa pengi. Kule ziwani kuna yale majumba ya plastiki yanayojazwa upepo, watoto wanaruka ndani mpaka wanatapika soda. Kuna mabwawa, kuna farasi wa kupanda. Binti yangu alichagua mahali kwa sababu aliona picha kwenye simu. Hakujua. Mimi mwenyewe sikujua, maana jina ni jipya na geti ni jipya. Tuliposhuka kwenye taksi ndipo nikaujua ukuta. Wameupaka rangi ya machungwa, wamechora tembo na twiga, lakini ukuta ni ule ule, na pale pembeni pana ule ufa tuliokuwa tunaficha viatu vyetu.

Nikasimama pale getini. Mjukuu wangu wa kike akanivuta kanga, "Bibi, tuingie." Nikaingia.

Sasa nikurudishe nyuma. Bustani yetu haikuwa na plastiki wala muziki. Ilikuwa na tobogani ya kuteleza, ya simenti, kubwa, imesuguliwa na makalio ya watoto mpaka inang'aa. Jua la saa saba likiipiga inakuunguza, kwa hiyo tulikuwa tunakalia vipande vya karatoni, na mwenye karatoni zuri alikuwa tajiri wa siku hiyo. Kulikuwa na gurudumu la chuma la kuzunguka, mmoja anasukuma, wengine wanashikilia na kufumba macho. Kulikuwa na bembea ndogo nne za watoto wachanga, na ile bembea kubwa moja, ndefu kuliko nyumba yetu, ambayo ukifika juu kabisa unaliona ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba naona mpaka watu wa kule wanapika. Waliniamini.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Buyenzi, parseli moja, yaani kiwanja kimoja, nyumba tatu, bomba moja la maji. Bibi ndiye alikuwa serikali ya pale. Kila mwaka, siku kumi za mwisho za Ramadhani, alikuwa anakwenda mtaa wa maduka wa Asiatique kuchagua kitambaa cha Idi. Hakuchagua viwili. Kimoja tu, jora zima, na fundi cherehani wa barazani anatushonea watoto wote: wasichana gauni, wavulana shati, kitambaa kimoja. Alikuwa anasema mtoto wa parseli yake aonekane hata katikati ya soko. Na katika kitambaa hicho waliingia pia watoto wawili wa mama jirani. Mama jirani alikuwa Mkristo, mumewe mtumishi wa serikali, na sisi hatukujua tofauti ni nini isipokuwa siku ya sikukuu. Idi ilikuwa ya bibi kuwavalisha wale wawili. Noeli ilikuwa ya mama jirani kutuvalisha sisi, na kutulisha keki yenye zabibu ambazo mimi nilikuwa nazitoa moja moja nampa mdogo wangu.

Tulikuwa saba. Watano wetu, wawili wa jirani.

Asubuhi ya Idi nyumba inanuka pasi ya makaa na ubani. Baba zetu wakirudi kutoka kuswali, tunapita kila mlango kutoa salamu, tunapewa peremende. Baada ya pilau, bibi anafunga kikapu: sambusa, chapati zilizokunjwa robo, ndagala wa kukaanga kwenye gazeti, na jagi la jusi limefunikwa sahani. Kikapu kichwani mwake, mkeka kwapani mwangu, tunatembea kwa mstari mpaka bustanini. Watu wa njiani wanasema, tazama, jora la bibi linapita. Bibi anajifanya hajasikia, lakini anatembea polepole zaidi.

Macho yake hayakuwa mazuri tena. Nyuso za mbali alikuwa hazioni. Rangi alikuwa anaziona. Ndiyo maana alikuwa anatuhesabu kwa kitambaa: anainua kidole, anataja, moja, mbili, tatu, mpaka saba, halafu anasema alhamdulillahi na kurudi kwenye tasbihi yake. Mwaka ule mwenye duka alikuwa amemuahidi kwamba jora lile liko peke yake mjini. Huyo ni wa kwanza kwenye orodha yangu ya wenye makosa, ingawa si mkubwa. Alikuwa na jora la pili. Alimuuzia mama mwingine wa mtaa mwingine.

Mwaka ule pia tulipofika, bembea kubwa ilikuwa imefungwa kamba. Kamba nene ya katani, imezungushwa nguzo hadi nguzo, na katikati imefungwa kitambaa chekundu. Fundi wa kuchomelea alikuwa amekuja kabla ya sikukuu, akaona mguu mmoja wa bembea umeliwa na kutu chini, pale unapoingia kwenye simenti. Aliifunga mwenyewe na kusema asipande mutu mpaka arudi na mashine yake. Hata mlinzi wa getini alikuwa anawaambia watu. Bibi alitwambia, "Kule kwenye nyekundu, apana." Tukaitikia.

Mpiga picha wa bustani akatupanga mstari, tukapigwa picha. Kumbuka hiyo picha.

Sasa nakuja kwa yule mkubwa. Mkubwa wa bustani. Jina lake nalijua, na wazee wa Buyenzi wanalijua, lakini mimi namwita kwa kazi yake kwa sababu kazi ndiyo iliyomshinda. Alikuwa anavaa shati jeupe la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Mchana ule akaja mgeni mwenye gari kubwa, na watoto wake watatu wenye soksi. Watoto wa soksi walitaka bembea ile kubwa. Mgeni akamuuliza mkubwa kwa Kifaransa, mkubwa akacheka na kuinamisha kichwa. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya tobogani, hatua kumi, karatoni mkononi. Nilimuona akifungua fundo la kwanza kwa vidole, la pili kwa meno. Kwa meno yake. Halafu akaikunja kamba juu ya mkono, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja, kama mama anayekunja uzi, na kuipeleka ofisini mwake na kitambaa chekundu kikining'inia.

Watoto wa soksi wakabembea. Chuma kikawavumilia. Wakachoka, wakapanda gari lao, wakaenda. Na mkubwa hakurudi kuifunga kamba.

Alasiri bibi akatuita kula. Akainua kidole. Moja, mbili, mpaka saba. Alhamdulillahi. Mimi nilikuwa nimeinama namimina jusi, na nilipoinuka nikaona kwenye ukingo wa mkeka msichana mdogo mwenye gauni letu ambaye si wetu. Mtoto wa lile jora la pili. Kasikia harufu ya sambusa, kakaa. Alikula mbili, anatutazama kwa zamu. Siku ya Idi hakuna anayemfukuza mtoto mkekani. Nilimuona, rafiki yangu. Nikaona ni kichekesho, nikataka kumwambia bibi, "Bibi, umeongeza mutoto." Nilisema nimalize kwanza kumimina.

Ndipo chuma kikalia.

Yaliyofuata sikuyaelewa wakati ule, niliyaelewa nilipokua. Kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, mkubwa wa bustani alisema bembea ilikuwa nzima na hakuna aliyewahi kumwambia kitu. Alisema bibi kizee kipofu alileta watoto wengi, akasinzia, mtoto akachezea vibaya. Mwandishi wa komini akaandika hivyo hivyo. Mlinzi wa getini aliulizwa na akatazama viatu vyake. Fundi wa kuchomelea alikuwa safarini Uvira, aliporudi karatasi ilikuwa imekwisha pigwa muhuri. Mimi hakuniuliza mtu. Nilikuwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko na nilikuwa nasema, kamba, kamba, na wakubwa wakaambiana kwamba mtoto anaweweseka.

Na mtaani likazaliwa jina. Bibi Saba. Wavulana wa kona walikuwa wanamuona anakwenda bombani wanaanza, moja, mbili, tatu. Hawakumaliza, walimwachia amalize mwenyewe. Yeye anaweka ndoo chini, anasubiri wanyamaze, anainua ndoo.

Mtu mmoja tu alisimama. Mama jirani alikuja siku ya tatu ya matanga, watoto wake wawili amewashika mkono huku na huku, na gauni zile zile za Idi amewavalisha, amezifua. Akapiga magoti mbele ya bibi, akasema, "Mama, wangu wawili ulinirudishia wazima. Idi ingine nitakupa tena." Bibi ndipo akalia. Alikuwa hajalia mpaka saa ile.

Lakini Idi nyingine hakukuwa na jora. Kila mtoto alivaa chake, mwingine kijani, mwingine nyeupe, na hatukwenda popote. Bibi alikaa mlangoni na tasbihi. Alikuwa anatushika kichwa mmoja mmoja tukipita, anapapasa uso, anauliza, "We ni nani?" Anasubiri jina ndipo anakuachia. Mpaka anakufa alikuwa anafanya hivyo, hata kwa wageni, hata kwa daktari. Mimi shule niliiachia mwaka wa nne ili nikae naye. Leo nauza sambusa, nazikunja kwa vidole vinane.

Alipofariki nilifungua sanduku la msahafu wake nikakuta picha. Sisi saba, jora la bluu na maua ya njano, mdogo wangu mbele kabisa amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Na nyuma yetu, wazi, mtu yeyote anaona: bembea kubwa, kamba, kitambaa chekundu. Basi mkubwa na watu wake walijua. Bibi, asiyeona nyuso, alikuwa ameitunza kwa sababu ya ile nyekundu.

Narudi Idi iliyopita. Wajukuu wangu waliingia kwenye jumba la upepo, mimi nikatafuta mahali bembea ilipokuwa. Wamepaweka meza na viti vyeupe. Chini ya meza moja, kwenye simenti, bado kuna duara nne za chuma, zimekatwa usawa wa ardhi. Nilikuwa nazihesabu kwa kidole. Nilipoinua macho, aliyekaa kwenye meza hiyo ni yeye. Amezeeka, shati jeupe, Fanta mbele yake. Anakaa Kibenga, mtaa wa wenye nazo, nasikia, na mahali hapa sasa ni pa mwanawe. Vitukuu wake walikuwa wanacheza na wajukuu wangu.

Nilimsalimia kwa adabu, maana ndivyo nilivyolelewa. Akaitikia vizuri, akanikaribisha kiti. Nikasema, "Mzee, ile kamba, uliifungua kwa nini?"

"Kamba gani, mama?"

"Ya bembea. Yenye kitambaa chekundu."

Akatazama mkono wangu wa kushoto. Aliutazama muda mrefu kuliko mtu asiyejua anavyotazama mkono. Halafu akasema, "Hayo ya zamani, mama. Tuache watoto wacheze," na akamwita kijana wa kantini aniletee soda. Sikuinywa.

Tobogani imevunjwa. Gurudumu lilikwenda na wauza vyuma. Hakuna anayetembea kwa mstari kutoka Buyenzi na kikapu kichwani, na watoto siku hizi kila mmoja na fulana yake yenye picha yake. Ukienda leo huwezi kuliona ziwa kutoka pale, majumba yamelificha. Ningetoa vidole vyangu vingine vinane nipate alasiri moja tu ya karatoni na ndagala, na sauti ya bibi ikitaja, moja, mbili.

Lakini hiyo haitarudi, na mimi siidai. Ninachodai kinawezekana. Mama jirani bado yu hai, anaona, anasikia. Mkeka wa bibi ninao, nimeuhifadhi, hauna tundu. Nitautandika barazani Buyenzi, Idi ijayo, baada ya swala, na picha nitaiweka katikati. Wewe mzee wa Kibenga, uje ukae. Wavulana wa kona sasa ni wazee wenye mvi, nitawaita na wao. Useme mbele yao bibi yangu alihesabu watu wangapi, na wewe ulifungua mafundo mangapi. Useme kwa mdomo ule ule uliofungulia.

Nakusubiri. Jibu.