Bodi Niliyoisugua Ikang'aa

Kiherehere changu kitaniua, nami nakiri.

Mkwe wangu Kazungu hutengeneza vigari vya wageni wa hotelini hapa Malindi, vile vidogo vya mashindano vinavyoendeshwa kwa rimoti. Bwana Franko, mwenye hoteli, alimwambia kigari anachomtengenezea kikishinda, atamwandika kazi. Basi Kazungu akaacha bodi ya plastiki, lile gamba la juu la kigari, barazani kwangu ikauke. Nikachungulia ndani, bendeji na gundi tupu! Uchafu gani huu? Nikairoweka maji moto, nikabandua zote, nikasugua kwa makumbi ya nazi hadi ikang'aa.

Siku ya mashindano Kazungu akaichukua mbiombio, akaifunga bila kuchungulia ndani, nami nikajigamba kwa jirani yangu, Mama Sidi: "Waona inavyometa? Mikono yangu hiyo."

Kigari kikagonga jiwe la kwanza, bodi ikapasuka kama ganda la yai. Kazungu akaipindua. "Nani kabandua bendeji? Ndizo zilizoishika hii plastiki!"

Mama Sidi, mdomo wake hauna komeo, akadakia: "Nani tena kama si mama mkwe wako! Katuhadithia tangu asubuhi."

Mama mkwe hakaripiwi. Kazungu akainamisha macho mbele ya Franko na umati wote.

"Ahsante, mama. Imetakata."

Heri angenitukana.