Skafu ya Jikoni

Mama yangu hakula mbele za watu. Alikuwa na rovu lililomjaa shingo yote ya mbele, na kila alipomeza lilipanda na kushuka, watu wakaacha sahani zao kuliangalia. Kwa hiyo harusini na misibani yeye alishika kazi ya kupakua. Shingoni alizungusha kipande cha kitenge, jua liwake, mvua inyeshe, na kwenye kwaya ya akina mama alisimama mstari wa nyuma ingawa alikuwa mfupi kuliko wote. Shangazi, dada yake baba, hakuchoka kumwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ilinikera tangu utotoni. Mama hakuficha maradhi. Kijiji chetu kizima cha Kiruruma kiliyajua. Alikuwa akiyakimbia macho.

Alifanyiwa upasuaji akiwa tayari ana wajukuu. Madaktari wa hospitali ya misheni walimtoa lile rovu, wakamrudisha kwetu na kovu jembamba kutoka upande hadi upande, kama alama inayobaki uzi ukikazwa. Mimi nilitoka Chonyonyo, nilikoolewa, nikaja kumuuguza. Ulikuwa wakati wa kuchuma kahawa, na kwetu milimani kiangazi ndicho chenye baridi: asubuhi ukungu unalala juu ya migomba mpaka jua lipande sana. Siku moja, akiota moto jikoni, alipitisha kiganja shingoni akasema, "Baridi inaniingia hapa. Pamezoea nguo."

Hayo yalinitosha. Mimi nikisikia neno moja nimeshaanza kazi. Mume wangu husema ukiniambia una kiu nitachimba kisima. Nilikwenda gulioni, nikapekua marundo ya mitumba mpaka nikapata sweta la kiume, zito, la sufu, lenye rangi ya majani makavu ya mgomba. Viwiko vilikuwa vimetoboka, lakini uzi wake ulikuwa mnene ajabu. Nikalifumua lote, nikauzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, nikaufua, nikautundika na jiwe chini ili mikunjo inyooke. Sindano nene za kufumia sikuzipata dukani, kwa hiyo nilichonga mbili kutoka kwenye matawi ya mti wa kahawa, nikazikwangua kwa kipande cha chupa mpaka zikateleza.

Uzi mnene hautaki fundi mwenye hasira. Ukivuta sana, kitambaa kinakuwa kigumu kama mkeka. Ukilegeza, upepo unapita. Mara ya kwanza nilivuta, maana nilikuwa nikimuwaza shangazi na methali yake, nikalazimika kufumua yote. Mara ya pili nilikwenda polepole, mstari wa vitanzi vya mbele, mstari wa vitanzi vya nyuma, mpaka kipande kikatosha kuzunguka shingo mara mbili. Nikaziunganisha ncha kwa uzi mmoja, ikawa skafu ya mviringo, ya kupitishwa kichwani. Niliifanya pana makusudi, ifike kidevuni. Nilitaka ilifunike lile kovu, na sikuona sababu ya kumwambia hivyo.

Nilimpa Jumapili asubuhi kabla ya ibada. Akaivaa, akaibonyeza mashavuni, akafumba macho.

"Ina joto hii, mwanangu. Umenifumia vizuri."

Kisha akaivua, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akachukua Biblia yake, akatoka kwenye ukungu na shingo wazi.

Nilimfuata njiani, skafu mkononi. "Mama, baridi hii itakuumiza."

"Naisikia."

"Sasa mbona umeivua?"

Hakusimama. "Shingo hii niliifunika wewe hujazaliwa. Waache waione."

"Wataona kovu."

"Ndilo nataka walione."

Niliudhika, sifichi. Vidole vinauma, kazi yangu inabaki msumarini. Nilirudi nikaitundika, nikaenda kanisani nikakaa ibada nzima nimenuna. Yeye aliimba kwenye mstari wa mbele.

Baadaye, kiangazi kikiwa hakijaisha, tulikwenda Isingiro kwenye harusi ya binti wa mjomba. Wakati wa kula nilimwona ameketi katikati ya wanawake, sahani ya ndizi na nyama mapajani. Alimeza bila kuinamisha kichwa. Aliyekaa naye akamtazama shingo. Mama akamwacha atazame, kisha akamega tena. Hasira yangu yote iliisha pale pale. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu sikuwahi kumwona mama yangu akitafuna harusini.

Tangu hapo nilielewa matumizi ya ile skafu. Akiwa nje, shingo wazi, ukungu uwe mzito kiasi gani. Akifika jikoni na mlango ukifungwa, aliivaa akakaa karibu na mafiga mpaka muda wa kulala. Mgeni akipiga hodi, aliivua kwanza ndipo akaitikia karibu. Shangazi alisema huo ni wazimu. Labda.

Ni ugonjwa wa moyo uliomchukua, katika kiangazi kingine cha kahawa. Wanawake walimwosha, wakamvika sare yake ya kwaya. Shangazi akaja na skafu, ameitoa msumarini, macho yamemvimba kwa kulia.

"Mvalishe. Huko aendako kuna baridi."

Niliipokea. Ilinuka moshi na mafuta yake ya kujipaka. Nilitamani sana kumvalisha, maana hata mimi niliiogopa baridi ya ule udongo. Lakini jeneza lilikuwa linatolewa uani, na watu kutoka kila nyumba na kibanja cha jirani walikuwa wamejipanga kumuaga. Wangemwona akiwa amefunikwa, kama zamani.

"Hapana, shangazi. Watu wanakuja kumwona."

"Utamwacha mama yako na baridi?"

"Kwa sasa, ndiyo."

Akanigeuzia mgongo. Sare ilikuwa na kola yenye vifungo. Nikafungua viwili, nikailaza kola pembeni. Watu wakapita mmoja mmoja. Wengi walimtazama uso, wengine shingo, nami sikumchukia hata mmoja.

Wa mwisho alipopita, wanaume walisogea na mfuniko. Nikawaomba wasubiri. Sikutaka kumsumbua kwa kumpitishia skafu kichwani, kwa hiyo nilikata kwa meno ule uzi wa kuunganishia, nikauvuta, ncha zikaachana. Shangazi aliona ninachofanya. Akaja, akamwinua mama kichwa kwa mikono miwili, nami nikamzungushia shingoni mara mbili, mpaka kidevuni.

Shangazi akamlaza taratibu, akaiweka skafu sawa chini ya sikio.

"Haya," akasema. "Wageni wameondoka."

Nikawaambia wanaume wafunike.