Simu elfu moja za uongo kwa funguo ya Papa Balta

Admin, ufiche jina yangu, tafazali. Miye ni mama mujane wa miaka makumi mbili na tisa, naishi Goma, kartie Murara, na watoto wawili. Natumika mu biro inayopokea simu za bure za wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya. Mutu anaita, anasema mutoto ni mugonjwa, siye tunatuma gari.

Mwezi uliopita tuliletewa programu mpya ya kupokea simu. Mbele ya kuianzisha siye wa bironi tulipashwa kuipima, shefu hakuchagua nani, nikaianza miye: kompyuta inatuma simu elfu moja za uongo mara moja, tuone kama itavumilia. Kila simu ilirudishwa na neno moja: huna ruhusa. Nikabadilisha hiki na kile, nikazima, nikawasha, wapi. Funguo yangu, ile namba ya siri inayofungua programu, haikukuwa na haki ya kuingiza simu. Ruhusa inaombwa Kinshasa na jibu linachukua siku tatu. Shefu alitaka matokeo siku ile ile.

Kwetu bironi tunaazimana funguo kama chumvi, hata kama tunajua ni makosa. Nikaenda kwa Papa Balta (siyo jina yake), muzee wa Bukavu aliyeniingiza mu kazi. Ya kwake inafungua yote. Akaniandikia kwa karatasi.

"Chukua, mwanangu. Lakini hiyo inaingia mpaka mu laini ya kweli. Ubadilishe adresi kwanza, simu ziende kwa laini ya kujaribia."

Kwa haraka sikubadilisha. Simu zikapita zote, nikafurahi kama mujinga, nikaenda kunywa chai. Kumbe zilikuwa zinaziba laini ya wakimbizi, saa mbili nzima.

Mama mumoja wa Kibumba, mukimbizi, alituita mara kumi na moja asubuhi ile, hata simu moja haikuingia; namba yake niliiona nyuma. Nilimuita saa tisa ya muchana. Bwana yake akapokea, akasema polepole: "Mutoto ameisha kufa. Musiite tena."

Kesho yake shefu akatukusanya. "Hii funguo ni ya nani?"

Papa Balta aliniangalia, kisha akasema, "Ni yangu." Akangoja. Miye niliangalia meza. Nilifikiria watoto wangu tu, yeye sikumufikiria hata kidogo. Wakaona ni yeye alituma zile simu, wakamufukuza siku ile.

Siku ya Mungu, kwenye misa, alinipa mukono wa amani, akauliza, "Watoto wanaendelea aje?" Afazali angenitukana.

Sasa wamenipa nafasi yake. Kazi ya kwanza ni kuandika ripoti ya namna kosa lilitokea, niisaini, iende Kinshasa kesho kutwa. Nikisema kweli, nafukuzwa, na hawa wawili hawana mutu mwingine. Nikinyamaza, muzee hatapata tena kazi mu Goma hii, na kifo cha yule mutoto kitabaki juu yake. Karatasi iko mbele yangu, nimeandika tarehe tu. Ninyi munaosoma, musinibembeleze. Muniambie, pale wanapouliza nani alituma zile simu, niandike jina ya nani?